Nyuzi Zilizojisokota Kinyume

3 Februari

Mwanangu, Bibi Kinyaa,

Sisi huku wazima. Baba yako hajambo, amevimba kichwa tu, na hilo si ugonjwa wa leo. Mama yako anakusalimu. Duka langu la viatu lipo, gundi ipo, wateja wapo, na kila mmoja anataka kiatu chake jana. Mimi nami sijambo, ukiuacha mguu.

Huo mguu ndio umenikalisha niandike. Nilikuambia nilikanyaga msumari wa soli kwa mguu wa kulia, na kwa ajili ya kisukari sikusikia kitu mpaka jioni, nilipoona soksi imelowa. Basi kile kitobo sasa ni kidonda cha kuingia dole gumba, katikati ya wayo, na kinanuka. Sisemi kinanuka kidogo. Kinanuka kama ngozi mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo, na ngozi nazijua mimi. Mama yako, wifi yangu mpenzi, kila nikiingia sebuleni ananyanyuka na chupa ya marashi, eti ananyunyizia mapazia. Sasa sebule nzima inanuka usaha wenye maua. La kuvunda halina ubani, lakini nani atamwambia?

Nauchukia mwili wangu, mwanangu. Fundi viatu mzima navaa kandambili, mguu mmoja umeviringwa matambara kama mtoto mchanga. Wateja wananisemesha huku wameangalia ukutani.

Sasa sikia. Juzi baba yako karudi kutoka hospitali meno yote nje. Anasema wanajaribu dawa mpya ya vidonda, jeli fulani, na imetoka kwenye maabara unayofanyia kazi wewe. Ameshawatangazia madaktari, walinzi na wapita njia kwamba dawa ni ya binti yake. Mimi keshaniandikisha bila kuniuliza. Anataka mguu wangu uwe wa kwanza kuponywa na mwanawe. Basi nakuuliza wewe: hicho kitu kimetengenezwa kwa kitu gani? Na wewe ungekipaka mguuni kwako? Nijibu kwa barua. Simu ya nyumba hii baba yako ndiye mpokeaji, hata ya kwangu, na huisikiliza mpaka mwisho.

Shangazi yako


22 Februari

Shangazi, shikamoo,

Barua imenikuta mzima. Chumba changu ni kile kile, juu ya jirani anayekaangia mafuta yale yale tangu nihamie, hadi mto wangu unanuka. Mwambie mama sweta imefika na inanitosha. Baba mwambie nampenda, ila apunguze maneno.

Umeuliza jeli imetengenezwa kwa kitu gani. Unakumbuka ule utando wa maziwa uliokuwa ukinilazimisha nimeze, nami natapika, ndipo ukanibandika jina la Bibi Kinyaa? Ule utando haufumwi na mtu. Protini zilizomo kwenye maziwa zikipata moto zinashikana zenyewe. Jeli yetu ni ndugu yake. Tunachukua peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, tunavitia kwenye maji ya chumvi, tunavikalia mbali. Vinajipanga vyenyewe, ubavu kwa ubavu, vinakuwa nyuzi ambazo unywele mbele yazo ni gogo. Nyuzi zinajisokota kama kamba, maji yanakwama katikati, na hiyo ndiyo jeli. Ukiitia kidondani, nyama mpya inapata pa kushika ikipanda, na mwili unaila jeli polepole mpaka inakwisha.

Nyuzi hizo hazijisokoti ovyo. Hapa nitakueleza kwa viatu. Kiatu cha kushoto na cha kulia vina ngozi moja, soli moja, uzito mmoja, lakini mguu haudanganyiki. Chembe zinazojenga protini nazo ziko hivyo, kuna za kushoto na za kulia, kila moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo. Miili yetu imejengwa kwa za kushoto. Jeli ya chembe za kushoto hutoa nyuzi zinazojisokota kushoto. Ukitumia za kulia, zitajisokota kulia. Kwa macho, kwa pua, kwa mizani, hutazitofautisha.

Kazi yenyewe naipenda. Ni watu. Mkuu wetu tunamwita Bwana Marashi, maana unamnusa kabla hujamwona. Hukata kucha kwenye meza ya mkutano na kuziacha pale pale. Akikoroga chai hukilamba kijiko, kisha hukirudisha kwenye sukari ya wote. Halafu anakohoa na kutuambia maumbile hayakosei.

Umeuliza kama ningeipaka mguuni kwangu. Shangazi, usikubali kwa sasa. Sema una homa, sema umesafiri. Ngoja nikuandikie tena. Zaidi ya hapo siwezi, tulitia saini karatasi za kufunga midomo.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu, marahaba,

Tumeshukuru kusikia mzima. Mama yako amebadilisha mapazia, yale ya zamani yalikuwa yamelewa marashi. Baba yako anatembea na picha yako mfukoni na kuwaonyesha watu wasiomwomba. Jana mteja kaniletea buti ambalo paka wake alizalia ndani, anataka nilitie soli mpya. Nikamuuliza kama alilisafisha. Akasema alidhani hiyo ni kazi yangu. Nimelitia soli, mwanangu, nikiwa nimefunga pumzi kama mzamiaji.

Mguu upo. Nesi huja kuufunga na tunacheka naye.

Ila barua yako imenikera, nikuambie wazi. Umeandika kama mtu anayesema na mlango. Usikubali kwa sasa. Sasa ipi? Ngoja. Nikingoja nini? Ulipokuwa mdogo ukionja kitu kibaya ulikitema hapo hapo, mbele ya wageni, baba yako akaaibika. Leo una kitu kinywani umekibana na meno unanitabasamia. Nini kimeoza huko? Na hizo karatasi za kufunga midomo zilikuambia uufunge hata mbele ya shangazi yako?

Jambo moja dogo, nauliza tu. Hiyo jeli ikishatiwa kidondani, hukaa muda gani kabla mwili haujaimaliza?

Shangazi yako


5 Aprili

Shangazi, shikamoo,

Nawasalimu wote. Nimechelewa kwa sababu barua hii niliiandika nikaichana, nikaiandika tena nikaichana. Hilo swali lako la mwisho limenikaa kooni. Naomba iwe kweli uliuliza tu.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za nyuzi. Naweka tone la jeli juu ya kiwavu cha shaba, kidogo kama kucha ya mtoto, halafu nakipulizia vumbi la madini kutoka upande mmoja ili kila uzi utoe kivuli. Kivuli ndicho kinachoonyesha uzi umejisokota wapi. Kiwavu ukikiingiza kwenye mashine ya hadubini kichwa chini, picha inatoka kinyume, kama maandishi ya kioo cha duka ukiyasoma ukiwa ndani. Ni kosa la kila anayejifunza kazi hii, hata mimi nimewahi kulifanya.

Bechi, yaani fungu zima la jeli lililokwenda mahospitalini, nilipoipiga picha, nyuzi zilionekana zimejisokota kulia. Bwana Marashi akacheka, akasema nimeweka kiwavu kichwa chini. Akabonyeza kitufe, akaigeuza picha. Zikawa za kushoto, safi kabisa, na picha ikaingia kwenye ripoti na saini yangu chini yake. Nilimwamini. Lakini kitu kikawa kinanikereketa, nikachukua jeli kidogo iliyobaki, nikaiweka kwenye kiwavu kilichochongwa herufi F katikati. F ikisomeka sawa, basi kiwavu kimekaa sawa. Ilisomeka sawa, shangazi. Na nyuzi zilijisokota kulia.

Stoo kuna makopo mawili ya unga yanayofanana, moja la chembe za kushoto, jingine la chembe za kulia tunazozitumia kulinganisha tu. Mtu alichota siko. Na mwili wa binadamu hauna meno ya kuitafuna jeli ya namna hiyo. Haitaliwa. Itakaa pale pale, nyama itafunga juu yake, na chini kutaoza.

Nilimpelekea picha Bwana Marashi akiwa anakula yai la kuchemsha. Akatazama, akatafuna, akasema kiwavu hicho kilichongwa vibaya kiwandani. Kisha akaifuta picha kwenye kompyuta kwa kidole chenye kiini cha yai. Kesho yake jeli iliyobaki ilikuwa imemwagwa kwenye sinki, lile lile la kuoshea vikombe vya chai. Tangu hapo chai yao siigusi. Harufu ya Bwana Marashi ikitangulia kwenye korido, mate yananijaa mdomoni, naingia chooni nikae mpaka apite. Angekosea tu ningemwonea huruma. Lakini anajua, shangazi, na anashushia na chai.

Niliipigia hospitali yenu bila kujitaja. Wakanijibu vizuri sana, wakasema watamuuliza mkuu wa maabara. Sasa sina picha, sina sampuli, bechi yote imo miguuni mwa watu. Nikisema, ni neno langu na lake, na saini iliyoko kwenye ripoti ni yangu.

Niambie hujapakwa. Niandikie hilo tu, hata kama huna la pili.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Soma kwanza, kopo ulifungue baadaye, na usiwe na chakula karibu.

Baba yako hajambo, siku hizi haongei. Mama yako hajambo, na marashi ameacha, nitakuambia kwa nini.

Nilipakwa. Barua yako ya kunizuia ilinikuta nimeshapakwa. Baba yako alinisindikiza, akawapa mkono madaktari wote na mfagiaji. Uliponiandikia ningoje, nikakuficha. Ningekuambia, ungeubeba mguu wangu kichwani na usingefikiri sawasawa. Nilitaka uuteme ukweli kwa sababu umeoza, si kwa sababu ni mguu wa shangazi. Basi umeutema, na umenichelewea. Sikulaumu. Nilikuwa nimechelewa kabla yako.

Mwanzoni kidonda kilifunga vizuri mno. Baba yako akaleta majirani, mmoja mmoja, wauangalie wayo wangu kama televisheni mpya. Nikashukuru nami, mjinga mimi. Halafu mguu ukaanza kupata moto kwa ndani. Ukavimba mpaka kandambili ikakataa. Ngozi juu nzima, inang'aa, na chini yake kitu kinacheza ukibonyeza. Homa ikanilaza.

Daktari alipopasua, mwanangu, nesi mwenyewe aligeuza uso. Usaha wa kijani uliruka mpaka kwenye koti lake. Baba yako alikuwa mlangoni, akatapikia korido, akaondoka ameshika ukuta. Aliyebaki ni wifi yangu. Yule yule wa mapazia. Alinishika mguu kwa mikono mitupu mpaka mwisho, usaha ukimchuruzika viganjani. Tangu siku hiyo chupa yake sijaiona.

Halafu daktari akakitoa chenyewe. Kipande kizima, cheupe, kinatikisika kama gundi iliyokataa kukauka. Muda wote ule hakikupungua hata kidogo. Akataka kukitupa ndooni nikamshika mkono.

"Hicho ni changu," nikamwambia. "Kimekula kwangu, kimelala kwangu. Nipe."

Mkobani nilikuwa na kopo tupu la rangi nyeusi ya viatu, la kuwekea misumari. Nesi akalichemsha. Daktari akakitia humo, akaandika juu ya mfuniko kwa mkono wake kimetoka kwa nani na lini, akaweka saini na muhuri. Alikuwa amekunja uso kama aliyelishwa kitu. Anasema anataka kuwapasua na wenzangu wa wodini waliopakwa jeli hiyo hiyo kabla hayajawafika, ila wakubwa wake wamemkatalia. Wanasema ripoti inayo picha, na picha inaonyesha jeli ni nzuri.

Wenzangu hao nikutajie. Kuna mpishi wa shule. Kuna dereva wa lori. Kuna bibi mmoja asiyesikia, anayenipa mkono kila asubuhi akidhani nimepona. Wote miguu imefunga vizuri na wote wanamshukuru Mungu.

Mimi vidole viwili vimekwenda, na weusi unapanda. Ulisema huna sampuli. Hiyo hapo. Ifanyie unachojua kufanya, na safari hii usiniandikie mpaka uwe umeshasema.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi, shikamoo,

Sijakuandikia mpaka nimeshasema.

Kopo lilifika. Mimi niliyeshindwa na utando wa maziwa nililifungua, nikatapika, nikaosha uso, nikalifungua tena. Nilikisafisha kipande hicho kwa mikono yangu, usaha ukitoka vipande vipande kwenye maji, huku najua kila kilichotoka kilikuwa wewe. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule bwana saa ile. Nikaweka punje yake kwenye kiwavu chenye F. Safari hii sikuwa peke yangu. Nilimwomba fundi wa hadubini wa jengo la pili, mama mmoja asiyecheka na mtu, akiingize kwenye mashine yeye na apige picha yeye. F ilisomeka sawa. Nyuzi zilikuwa nene kama kamba za kufungia ng'ombe, zote zimejisokota kulia. Mwili wako haukuwa umezikata hata moja.

Nikaenda moja kwa moja kwa wakubwa wa Bwana Marashi. Wakaitisha mkutano, wakamwita na mwakilishi wa mahospitali. Picha ikawekwa ukutani, kubwa kama mlango. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, hata viatu niliviingiza. Bwana Marashi alingoja nimalize. Akavuta kompyuta karibu yake na kusema kwa upole wote kwamba binti huyu ana kipaji ila ana tabia moja, huweka kiwavu kichwa chini, na yeye kila mara humrekebishia.

Akabonyeza kile kitufe.

Sidhani hata alifikiri, kidole kilikwenda chenyewe. Nyuzi zote ukutani zikageuka kushoto, na F nayo ikageuka, kubwa vile, mgongo huku, mikono kule. Kila mtu chumbani aliiona. Yeye aliiona wa mwisho.

Yule mwakilishi wa mahospitali, mama mmoja, akamwambia, "Irudishe ilivyokuwa." Hakuirudisha. Akaniuliza mimi sampuli imetoka wapi, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Mguuni kwa shangazi yangu," nikasema. Nikaweka lile kopo mezani, mbele ya kikombe chake cha chai.

Alipotoka marashi yake yalibaki, wakafungua madirisha. Jioni ile ile amri ya kuitoa jeli ilikwenda kwenye wodi zote. Mimi nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, maana saini ni yangu, na sibishi. Baba mwambie mwenyewe, mimi nimeshindwa. Niambie mguu unaendeleaje. Usinifiche tena.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu, marahaba,

Baba yako nimemwambia. Alikaa dukani kwangu asubuhi nzima akichezea misumari, kisha akaniuliza sasa awaambie nini watu. Nikamwambia awaambie dawa haikuwa ya binti yake, ila aliyeikamata ni binti yake. Amekwenda kuwaambia. Picha yako bado iko mfukoni.

Mpishi amepasuliwa mapema na anatembea. Dereva naye. Bibi asiyesikia hawakumuwahi. Asubuhi ile nilinyoosha mkono kama kawaida, nikakuta wamekunja godoro.

Umesema nisikufiche. Mguu hawakuuokoa, wameukata juu ya kifundo. Nimelia, nimemaliza, nimerudi dukani. Kalibu za miguu ya kulia, yale maumbo ya mti ninayoshonea viatu, bado nazitumia, watu wengine wanayo miguu hiyo.

Maabara yenu wameniletea kikapu cha pole. Sabuni, taulo, na chupa kubwa ya marashi. Mama yako aliinusa mara moja, akaenda nayo chooni, akaimimina yote, akavuta maji.

Uchunguzi wao uishe au usiishe, njoo nyumbani upumzike. Nitakuchemshia maziwa mwenyewe, na utando nitautoa kabla hujauona.

Shangazi yako